Mzazi kijana anayesoma chuo: Mambo ya kufahamu kabla ya kuacha masomo

Kipindi kinaanza saa moja na nusu asubuhi na leo kuna testi. Mtoto wa miezi saba amekuwa na homa tangu usiku, na dada aliyekuwa akimshika ameondoka juzi kurudi kwao. Hali hii wanaijua vizuri wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania ambao tayari ni wazazi. Wapo wanaodisko si kwa sababu masomo yamewashinda, bali walikosa mtu wa kuwashikia mtoto kwa saa tatu tu.

Chuo, Bodi ya Mikopo na hosteli vyote vinamhesabu mwanafunzi kama mtu mmoja. Mwenye mtoto ni wawili. Msaada wowote wa maana unaanzia hapo.

Bumu ni la mtu mmoja

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ilipandisha fedha ya chakula na malazi kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 60 hiyo ni Sh600,000. Mkopo una mafungu ya ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji ya kitivo na mafunzo kwa vitendo. Fungu la mtoto halipo.

Hosteli nyingi za vyuo nazo haziruhusu mtoto kulala chumbani. Hivyo mzazi anapanga geto mtaani, analipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kisha anabaki na hela ndogo ya chakula, nauli na kumlipa dada. Ndugu anayetaka kusaidia asisubiri kuombwa ada. Kodi ya chumba au mshahara wa dada kwa miezi minne ya muhula unaweza kuokoa mwaka mzima wa masomo.

Likizo ya uzazi haimhusu mwanafunzi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku kunyonyesha.

Mwanafunzi si mwajiriwa. Mhadhiri wake akijifungua analindwa na sheria hiyo, lakini yeye anayekaa dawati la mbele anategemea kanuni za chuo na utu wa wanaomfundisha.

Kuahirisha si kuacha

Kosa kubwa ni kutoweka kimya kimya. Mwanafunzi anayekosa testi na mitihani bila taarifa anaweza kuhesabiwa ameacha masomo. Anayeona muhula utamshinda aandike barua ya kuahirisha mapema, aambatanishe cheti cha kliniki au cha daktari, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Kama ana mkopo, ahakikishe chuo kimeijulisha Bodi. Malipo husimama wakati hayupo, na taarifa zake zikiwa hazijakaa sawa anaweza kurudi darasani bila bumu. Kabla ya kuondoka aulize ofisi ya udahili mambo matatu: tarehe ya mwisho ya kurudi, masomo atakayoanzia na barua atakayotakiwa kuleta.

Mtoto anabaki na nani?

Wengi wanampeleka mtoto kwa bibi kijijini. Inasaidia, ila kwa mtoto anayenyonya si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Mama aliye karibu na chuo anaweza kukamua maziwa asubuhi na kuyaacha kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwenye jokofu yanakaa hadi siku nne. Nje ya jokofu yasizidi muda wa saa nne, na kwenye joto kama la Dar es Salaam yatumike mapema zaidi.

Anayechagua kituo cha kulelea watoto aulize kama kimesajiliwa kupitia ustawi wa jamii, na mlezi mmoja anashika watoto wangapi. Mtoto akiugua, sera ya afya inatoa huduma bila malipo kwa walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali.

Baba naye ana wajibu

Mara nyingi baba ni mwanafunzi pia, na anaendelea na ratiba yake kama kawaida. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wote wawili wajibu wa matunzo. Mama aliyetelekezwa anaweza kuanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, na ikishindikana aombe amri ya matunzo mahakamani. Baba asiye na kipato bado ana mikono: anaweza kushika mtoto siku ambazo mama ana vipindi.

Njia nyingine za kufika

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani na kinamruhusu mtu kusoma akiwa nyumbani. Kina pia kozi ya msingi kwa wasio na sifa za kuingia shahada moja kwa moja.

Kwa walioachia njiani sekondari, Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanaokatishwa masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Vipo pia vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi, ambako mpango wa Elimu Haina Mwisho unawapa wasichana sekondari na ufundi kwa pamoja, pamoja na malezi ya watoto wao hapo hapo chuoni. Mama yuko darasani, mtoto yuko jengo la pili.

Vyuo vikuu vinaweza kuanza na nini?

Si lazima kuanza na jengo jipya. Chumba kimoja chenye kiti, maji na mlango unaofungwa kinatosha kunyonyeshea. Kanuni iliyoandikwa kuhusu testi ya marudio kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa haigharimu chochote. Na dawati la ushauri likimuuliza kila anayetaka kuahirisha, "Una mtoto?", chuo kitajua kina wazazi wangapi, kabla hawajaondoka.