Skrini Isiyozinduka: Historia ya Wajibu Uliohama

Katika karakana za Mbarara, za mji mdogo wa Bwizibwera kwenye barabara ya Ibanda, na za makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, kompyuta iliyolazwa ikakataa kuonyesha chochote inapoamshwa huhukumiwa kwa neno moja: imekufa. Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo mara nyingi huiangukia skrini isiyo na hatia, na kwamba chanzo chake ni cha kihistoria.

Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu wa APM, ambamo kazi ya kulaza mashine ilibaki mikononi mwa BIOS. Mwaka uliofuata VESA ilisanifisha DPMS: kompyuta hukata mawimbi ya ulinganishaji ya mlalo, ya wima au yote mawili, na skrini hutambua kiwango cha usingizi inachotakiwa. Kisha, Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walitangaza ACPI, na wajibu ukahamia kwenye mfumo endeshi. Hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa. Katika usingizi wa kumbukumbu, kadi ya michoro hukatiwa umeme na kusahau mipangilio yake yote. BIOS nyingi hazikuirejesha tena, na viendeshi vingi havikuwa vimefundishwa kuirejesha. Kwenye Linux hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kadi iliendeshwa na programu iliyo nje ya kiini. Mafundi walitumia vbetool kuiendesha upya BIOS ya kadi kwa kubahatisha. Mashine moja iliamka, nyingine ikaganda.

Mwaka 2009 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Mwezi Machi, toleo la 2.6.29 la Linux liliingiza ndani ya kiini upangaji wa hali ya skrini, kwa kuanzia na kadi za Intel. Mwaka huohuo, sheria ya fedha ya Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika. Sheria iliangalia umri wa chuma. Programu iliyomo haikuulizwa.

Teknolojia ya DisplayPort, ya mwaka 2006, ilileta usahaulifu wa aina nyingine: kadi na skrini hujadiliana upya kila zinapoamka, na skrini ikichelewa kujibu, kiendeshi huamua kwamba haipo.

Panapotegemewa umeme wa jua, mtumiaji anayeogopa skrini nyeusi huzima kabisa uwezo wa kulala, na betri hulipa gharama. Kwa hiyo miongozo ya ununuzi na ukarabati haina budi kutanguliza kipimo kisichogharimu chochote. Bonyeza kitufe cha Caps Lock: taa yake ikibadilika, yamkini kiini ki hai. Chomoa waya wa skrini na kuuchomeka tena. Ikishindikana, ingia kwa mtandao kutoka mashine nyingine, usome kumbukumbu za kiini kuanzia dakika ilipoamshwa, kabla bisibisi haijagusa skrini.