Goldthwait: Mcheshi aliyeiacha sauti iliyompa jina

WENGI waliotazama filamu za Marekani katika miaka ya themanini wanamkumbuka kwa sauti kuliko kwa sura. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, iliyoanza kwa kigugumizi na kuishia kwa ukelele, kana kwamba mwenyewe aliyaogopa maneno yaliyokuwa yakimtoka kinywani.

Mwenye sauti hiyo ni Robert Francis Goldthwait, maarufu kama Bobcat, aliyezaliwa Mei 26, 1962, mjini Syracuse, jimbo la New York. Safari yake ni kisa cha msanii aliyetekwa na mhusika aliyembuni mwenyewe, kisha akalazimika kumtoroka ili apate kusema aliyotaka kusema.

Goldthwait aliingia katika ucheshi akiwa bado kijana, pamoja na rafiki yake wa utotoni, Tom Kenny, ambaye baadaye alivuma kwa kumpa sauti SpongeBob katika vibonzo vya watoto. Mlezi wao katika fani hiyo alikuwa Barry Crimmins, mcheshi aliyejiita Bearcat. Kwa kumwigiza, vijana hao wakajiita Bobcat na Tomcat.

Walilelewa katika mkondo unaojulikana kama ucheshi mbadala. Wafuasi wake walichoshwa na mizaha iliyozoeleka kuhusu wake na mama wakwe. Baadhi yao, kama Crimmins, waliwalenga watawala. Goldthwait naye alimkejeli mcheshi mwenyewe: alisimama jukwaani akitetemeka, kama mtu anayekaribia kupagawa.

Kioja hicho kilimfungulia milango ya Hollywood. Mnamo 1985 aliigiza Zed, kiongozi wa genge la wahuni, katika filamu ya pili ya Police Academy. Katika ya tatu (1986) na ya nne (1987), Zed alikuwa amejiunga na polisi. Mwaka wa 1988 alionekana katika Scrooged, iliyoongozwa na uigizaji wa Bill Murray, na katika Hot to Trot, ambapo mwenzake alikuwa farasi anayeongea. Wahakiki waliikashifu vikali filamu hiyo ya farasi.

Dalili za kutaka kubadilisha njia zilionekana mwaka wa 1991, alipoandika na kuelekeza Shakes the Clown, kuhusu mwigizaji wa michezo ya watoto aliyezama katika ulevi. Haikufanya vyema kibiashara, ingawa ilijipatia mashabiki wa kudumu.

Hata hivyo, vituko havikuisha. Mnamo 1994, akiwa mgeni katika The Tonight Show, kipindi kilichoendeshwa na Jay Leno, alikitia moto kiti cha wageni. Alitozwa faini na kuagizwa kurekodi matangazo ya kuwahimiza watu wajihadhari na moto.

Hatimaye alihamia nyuma ya kamera. Kuanzia 2004 alielekeza kipindi cha Jimmy Kimmel Live, kazi iliyompa ujuzi na riziki bila kumlazimu kupiga mayowe. Mwaka wa 2006 filamu yake Sleeping Dogs Lie, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno, ilionyeshwa katika tamasha la Sundance.

Kazi iliyomthibitisha ni World's Greatest Dad (2009), ambamo rafiki yake Robin Williams aliigiza mwalimu wa ushairi anayemkuta mwanawe amekufa kwa ajali ya aibu. Ili kumsitiri, baba huyo anafanya ionekane kwamba kijana alijiua, na kumwandikia barua ya kuaga. Barua inasifiwa, na baba anaanza kunufaika kwa uongo wake. Swali la filamu hiyo ni zito: je, huzuni ya umma ni ya marehemu, au ni ya kujipendeza?

Baadaye zilifuata God Bless America (2011), inayoshambulia ukatili wa vipindi vya runinga, na Willow Creek (2013), kuhusu wapenzi wawili wanaomsaka Bigfoot, jitu la hadithi, msituni California.

Williams ndiye aliyemhimiza atengeneze filamu ya hali halisi kuhusu Crimmins, hata akatoa fedha za kuanzia. Alifariki Agosti 2014 kabla ya kuiona ikizinduliwa. Call Me Lucky (2015) inaeleza jinsi Crimmins, aliyenajisiwa utotoni, alivyofika mbele ya Seneti ya Marekani mwaka wa 1995 kudai watoto walindwe dhidi ya wanaosambaza picha chafu mtandaoni. Crimmins mwenyewe aliaga dunia mwaka wa 2018.

Hivyo mwanafunzi akamlipa mwalimu wake deni, na kwa sauti ya kawaida. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa Goldthwait, koleo halikuvunjika. Alilitupa mwenyewe, na uhunzi ukaendelea.