Ex-UK: jina la nchi linauza nini hasa?

Ukipita kwenye maduka ya tarakilishi jijini Nairobi utaliona bango hili: "Ex-UK". Muuzaji atakuambia, "Boss, hii imetoka Uingereza, si kama hizi zingine." Ukikigeuza kipakatalishi chenyewe usome chini, mara nyingi utakuta kimeundwa Uchina, sawa na kile kipya kilicho rafu ya pili. Uingereza kilitumika tu! Lakini jina hilo linauza.

Jambo hili halikuanza jana. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1876 kulikuwa na maonyesho makubwa ya viwanda mjini Philadelphia, Marekani. Profesa mmoja Mjerumani, Franz Reuleaux, aliandika kwamba bidhaa za nchi yake ni za bei rahisi na mbovu. Ndiyo, Ujerumani hiyo hiyo tunayoisifu leo. Enzi hizo kulikuwa na visu vya Solingen vilivyogongwa jina la Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa chuma. Mwaka 1887 Waingereza wakatunga sheria: bidhaa ya kigeni yenye alama ya kumfanya mtu adhani ni ya Kiingereza lazima ioneshe ilikotoka. Kwa hiyo "Made in Germany" lilikuwa onyo kwa mnunuzi. Wajerumani wakaboresha kazi yao, na kufikia mwaka 1896 Mwingereza E. E. Williams alikuwa ameandika kitabu chenye jina hilo hilo, akiwatahadharisha wenzake kuwa bidhaa za Kijerumani zinawashinda. Onyo likageuka sifa.

Japani nayo ilipita njia hiyo. Mwaka 1955 kampuni ya Marekani, Bulova, ilitaka redio 100,000 kutoka kwa kampuni changa ya Tokyo, ila kwa sharti zibandikwe jina la Bulova. Akio Morita akakataa. Mwaka 1958 kampuni yake ikajiita Sony, jina lisilo na harufu ya nchi yoyote. Morita alisimulia baadaye kwamba maneno "Made in Japan" waliyaandika kwa herufi ndogo kadiri walivyoweza, hadi forodha ya Marekani ikawaambia wayakuze.

Sasa sikia kioja. Katika miaka ya 1980 wenye maduka ya Dixons, Waingereza halisi, walikuwa wakiuza vifaa vya umeme kwa chapa yao wenyewe waliyoiita Matsui, ili isikike kama ya Kijapani. Ndani ya miaka kama 30, aliyekuwa akificha kwao ndiye anayeigwa!

Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo hili. Ili kuokoa muda, programu huhifadhi jibu la zamani na kulitoa tena bila kuuliza upya. Jina la nchi ni jibu la aina hiyo. Mnunuzi hawezi kufungua mashine achunguze kila waya, kwa hiyo anasoma jina. Ubaya ni kwamba jibu huchelewa kubadilika: kizuri kinateseka miaka mingi, na kibovu kinabebwa na sifa za jana.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Mteja mmoja, simtaji, aliipenda programu yangu ya kuhesabu bidhaa ghalani mpaka alipouliza imeundwa wapi. Nilipomwambia ni ya hapa hapa, akaomba bei ipungue nusu. Programu haikuwa imebadilika hata herufi moja.

Nilifikiria kuipa jina la Kizungu. Halafu nikakumbuka kwamba Matsui hawakuwajengea Waingereza sifa yoyote, ilhali Morita alikataa jina la kuazima akajenga lake. Sasa kwenye ukurasa wa kwanza wa programu nimeandika "Imeundwa Nairobi". Kwa herufi ndogo, nakiri. Tutazikuza polepole.

Je, wewe ungeandika?