Gofu: Kila Fimbo na Vile Inachapa Mpira
Muthaiga, kwenye Kenya Open ilianzia 1967, ni ng'ambo tu ya Thika Road ukitoka Mathare. Kwa begi unaruhusiwa fimbo 14, na hazichapi sawa.

Draiva: mpira juu ya tii, usawa wa kisigino cha mbele. Ugonge fimbo ikianza kupanda.

Aironi 7: mpira karibu katikati ya miguu. Gonga mpira kwanza, nyasi baadaye. Ukianza na mchanga, hauendi mbali.

Weji: usilazimishe mpira kupaa. Uso wa fimbo umelala, utauinua wenyewe.

Puta: songesha mabega, viganja vitulie.

Huna fimbo? Mapro wengi wa Kenya walianza kama makedi: walibeba begi za wenyewe, macho kwa mikono ya mchezaji.