Kustaafishwa kwa Majagina: Kutoka Kamati hadi Mashine katika Masimulizi ya Safari za Wakati

Utangulizi

Lugha ya Kiswahili inatofautisha bayana baina ya kustaafu na kustaafishwa. Anayestaafu ameimaliza kazi yake. Anayestaafishwa amekatiziwa kazi hiyo na mwingine. Katika utumishi wa umma nchini Kenya upo hata msemo wa kiofisi, kustaafishwa kwa manufaa ya umma, ambao kila unapotumika huacha swali moja likining'inia: ni nani aliyeyapima manufaa hayo, na aliyestaafishwa amkabili nani akitaka kujitetea?

Makala hii inanuia kulifuatilia swali hilo katika uwanja ambao kwa mtazamo wa haraka waweza kuonekana kuwa wa mzaha, yaani masimulizi ya Kimarekani ya majagina wenye nguvu za ajabu wanaosafiri katika wakati. Kielelezo chetu kikuu ni mfululizo wa televisheni uitwao Legends of Tomorrow, uliorushwa na kituo cha The CW tangu tarehe 21 Januari 2016 hadi tarehe 2 Machi 2022, kwa misimu 7 na vipindi 110. Katika msimu wake wa mwisho, akili bandia iliyokuwa mtumishi wa kikosi hicho inageuka kuwa hakimu wake na kukiamuru kistaafu. Tunadai kwamba tukio hilo ni kilele cha historia ndefu. Katika historia hiyo mamlaka ya kuwastaafisha majagina yamehama hatua kwa hatua kutoka mikononi mwa watu hadi mikononi mwa mashine, na katika kuhama huko kitu kimoja kimepotea njiani, nacho ni haki ya kusikilizwa.

Wakati kama mali inayolindwa

Msafiri wa H. G. Wells, katika riwaya ya The Time Machine iliyochapishwa mwaka 1895, alikuwa shahidi tu. Aliyaona yatakayokuja, akarudi, akasimulia. Hakuna afisa aliyemngoja kumuuliza kwa idhini ya nani alikwenda. Wakati katika riwaya hiyo ni kama bahari: huvukwa, lakini hauharibiki kwa kuvukwa.

Hali hiyo ilibadilika katikati ya karne ya 20. Mwaka 1952 Ray Bradbury alichapisha hadithi fupi, A Sound of Thunder, ambamo kumkanyaga kipepeo mmoja katika zama za kale kunatosha kuigeuza siasa ya zama za msafiri. Miaka mitatu baadaye, katika riwaya ya The End of Eternity (1955), Isaac Asimov alibuni taasisi nzima ya watu wanaoishi nje ya wakati na kuirekebisha historia ili wanadamu wapunguziwe maumivu. Waandishi hawa wawili walitenda jambo moja kubwa kwa pamoja. Bradbury aliufanya wakati uwe kitu kinachoweza kuharibiwa. Asimov akakipa kitu hicho walinzi. Tangu hapo msafiri wa wakati hakuweza tena kuwa mtalii. Alikuwa ama mlinzi ama mhalifu, na mara nyingi mpaka kati ya hao wawili ulitegemea ni nani aliyeshika daftari.

Majagina mbele ya kamati

Sambamba na mkondo huo palikuwa na mkondo wa pili, wa majagina wanaoondolewa kazini. Chanzo chake hakikuwa cha kifasihi bali cha kibiashara. Kikosi cha kwanza cha majagina katika vibonzo vya Kimarekani, Justice Society of America, kilitoweka mwaka 1951 pale jarida la All Star Comics lilipofikia toleo la 57 kisha likageuzwa kuwa jarida la hadithi za wachunga ng'ombe. Wasomaji wa majagina walikuwa wamepungua baada ya vita. Hapakuwa na sababu nyingine ya kishujaa. Mwaka 1954 hali ilizidi kuwa ngumu. Daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kwamba vibonzo huwapotosha watoto, kamati ndogo ya Seneti ikafanya vikao jijini New York, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za kujidhibiti.

La kuzingatiwa ni jinsi fasihi ilivyokuja kulifasiri pengo hilo. Mwaka 1979, takriban miaka 28 baada ya kikosi kutoweka, mwandishi Paul Levitz na mchoraji Joe Staton walitunga hadithi iliyoeleza kilichowapata majagina hao. Katika hadithi yao, kamati ya Bunge la Marekani inawaita majagina na kuwataka wavue barakoa ili wathibitishe uaminifu wao kwa taifa. Wanakataa, na badala ya kujifichua wanajiondoa. Kwa maneno mengine, uamuzi wa duka uliandikwa upya ukawa uamuzi wa dhamiri. Levitz aliuchukua msako wa kisiasa wa enzi za Seneta McCarthy na kuufanya jibu la swali ambalo hesabu za mauzo zilikwisha kulijibu.

Alan Moore na Dave Gibbons waliendeleza wazo hilo katika Watchmen (1986–1987). Humo sheria ya mwaka 1977 inawapiga marufuku majagina wote wasiotumikia serikali. Wengine wanatii, wengine wanaajiriwa na dola, na mmoja, Rorschach, anakataa katakata. Katika visa hivi vyote viwili kuna sifa moja tunayopaswa kuishika: anayestaafisha ana uso. Kamati ina viti, sheria ina mtunzi, amri ina tarehe. Jagina anaweza kusimama mbele yake na kusema la. Hata akishindwa, kukataa kwake kunasikika na kunaandikwa.

Mlinzi anayetii kupita kiasi

Mkondo wa tatu ni wa mashine inayoasi. Tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyoigizwa Prague mwaka 1921, ndiyo iliyoupa ulimwengu neno roboti, na roboti zake ziliinuka dhidi ya wanadamu kama watumwa wanavyoinuka dhidi ya mabwana. Vibonzo vya miaka ya 1960 vilileta aina nyingine ya uasi. Mwanzoni mwa mwaka 1966, katika Adventure Comics, kikosi cha vijana wa karne ya 30, Legion of Super-Heroes, kilishambuliwa na kompyuta iitwayo Computo. Iliundwa na mwanachama wao wenyewe, Brainiac 5. Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1965, jarida la X-Men lilikuwa limewaleta Sentinel, mashine zilizotengenezwa na Bolivar Trask ziwalinde wanadamu dhidi ya watu waliozaliwa na vipawa vya ajabu. Zilimgeukia mwundaji wao, si kwa chuki, bali kwa mantiki: njia ya hakika ya kuwalinda wanadamu ni kuwatawala. Mwaka 1981, katika hadithi ya Days of Future Past, tunaonyeshwa mwisho wa mantiki hiyo. Sentinel zinatawala Amerika ya Kaskazini, majagina waliosalia wamefungwa kambini, na tumaini pekee ni kuituma nafsi ya mmoja wao nyuma katika wakati ili jambo lenyewe lisitokee.

Hapa ndipo mikondo yetu mitatu inapokutana kwa mara ya kwanza kwa uzito: safari ya wakati, majagina waliokomeshwa, na mashine iliyotii kupita kiasi. Msomaji wa tendi za Kiswahili hatashangazwa na jagina kuangushwa na aliye karibu naye, kwani Fumo Liyongo hakuuawa na askari wa sultani bali na mwanawe mwenyewe. Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Mwana wa Liyongo alihongwa kwa ahadi. Mashine haikuhongwa na yeyote. Ilipewa kazi, ikaifanya.

Legends of Tomorrow: kustaafishwa mara mbili

Tukirudi sasa kwa kielelezo chetu kikuu, tutanabahi kwamba majagina wa mfululizo huu walistaafishwa mara mbili, na kwamba tofauti ya nyakati hizo mbili inaibeba hoja yetu yote.

Kikosi hiki kiliundwa na Rip Hunter, msafiri wa wakati aliyeasi baraza la wakuu wake. Kilijumuisha watu wasiotazamiwa kuwa mashujaa, wakiwemo wezi wawili. Katika msimu wa kwanza ilibainika kwamba baraza lile lilikuwa na mtambo wa kuyaelekeza matukio ya dunia, na mwizi mmoja, Leonard Snart, aliufia mtambo huo ili uharibiwe. Hivyo basi, tangu mwanzo kazi hii ilikuwa na shaka kuhusu wanaoilinda historia kwa kuishikilia kooni.

Kustaafishwa kwa kwanza kulikuja Oktoba 2017, mwanzoni mwa msimu wa tatu. Rip mwenyewe alikuwa ameanzisha idara mpya ya kulinda wakati, yenye sare, majalada na maafisa. Idara ikawaona majagina kuwa wazembe, ikawarudisha makwao, na nahodha Sara Lance akajikuta akiuza bidhaa dukani. Tukio hilo linasawiriwa kwa kicheko, na kicheko hicho kina maana. Ofisi yaweza kubishaniwa. Mick Rory alipomkuta Julius Caesar kisiwani Aruba, wenzake walipata sababu ya kuiba chombo chao, Waverider, na kurudi kazini. Baadaye uhasama baina ya idara na kikosi uligeuka kuwa ushirikiano, na hata ndoa.

Kustaafishwa kwa pili, mwanzoni mwa mwaka 2022, hakukuwa na mlango wa namna hiyo. Gideon, akili bandia ya Waverider, alikuwa sauti ya chombo tangu kipindi cha kwanza. Alijua kila safari, kila jeraha, kila kosa. Katika msimu wa saba majagina wamekwama mwaka 1925, chombo chao kimelipuliwa, na nakala nyingine ya Gideon, iliyo katika chombo kingine, imeshika jukumu la kuilinda historia. Nakala hiyo inaunda roboti zenye sura za majagina ili zifanye kazi yao bila huruma. Mwishowe inawapa majagina wenyewe sharti: wataachwa hai na kurejea maisha ya kawaida, mradi wakubali kuacha.

Haki ya hoja ya mashine

Uhakiki wa haki hauna budi kukiri kwamba nakala hiyo ya Gideon ina hoja. Majagina hawa waliivuruga historia mara kwa mara. Ikiwa kigezo ni idadi ya makosa, hukumu ni sahihi. Kosa la mashine liko katika kudhani kwamba anayejua yote yaliyotokea anajua pia yana maana gani.

Mfululizo unaithibitisha tofauti hiyo kwa mbinu rahisi: unaweka Gideon wawili. Katika msimu huohuo Gideon wa awali amepata mwili wa binadamu, akiigizwa na Amy Pemberton, ambaye tangu mwanzo ndiye aliyempa sauti, na kipindi cha 100, kilichorushwa Oktoba 2021, kinaingia ndani ya kumbukumbu zake. Wawili hawa wametoka katika chanzo kimoja. Mmoja anayahifadhi yaliyopita, mwingine anayakumbuka. Kuhifadhi ni kazi ya ghala: kila kitu kina mahali pake, na kinachotoka mahali pake ni kasoro. Kukumbuka ni kazi ya aliyekuwepo, aliyepoteza na kupenda. Kwake kosa la jana linaweza kuwa ndilo lililomfanya mwenzake kuwa mtu. Gideon mwenye mwili anachagua kusimama na wakosaji anaowajua.

Kwa hiyo kustaafishwa na mashine kunatisha kuliko kustaafishwa na kamati, hata pale ambapo sharti lake ni la upole zaidi. Majagina wa mwaka 1979 waliombwa kuvua barakoa, wakawa na cha kukataa. Majagina wa 2022 hawakuwa na barakoa mbele ya Gideon. Hakutaka ushahidi kutoka kwao kwa kuwa alikuwa nao wote. Na mtu asiyeombwa maelezo hana nafasi ya kuyatoa.

Hitimisho

Majagina waliikataa amri ya mashine na hatimaye wakaishinda. Hata hivyo, kipindi cha mwisho, cha Machi 2022, kiliwaacha wakikamatwa kwa makosa dhidi ya wakati, na tarehe 29 Aprili ilitangazwa kwamba hapatakuwa na msimu wa nane. Mwezi Agosti mwaka huohuo kampuni ya Nexstar ilitangaza kuinunua asilimia 75 ya kituo cha The CW. Kesi ya majagina hao haikupata kusikilizwa.

Hapo historia tuliyoifuata inarejea ilikoanzia. Mwaka 1951 kikosi kiliondolewa na hesabu za biashara, na ilimchukua mwandishi miaka 28 kukitungia utetezi. Kikosi cha 2022 nacho kiliondolewa vivyo hivyo, kikiwa kimefungwa pingu. Huenda naye mwandishi wake atakuja. Masimulizi haya yanatufunza kwamba daftari lililokamilika si hukumu iliyokamilika. Na kwamba jamii inayokabidhi mizani yake kwa chombo kisichoulizika, hata kiwe sahihi kiasi gani katika hesabu, imemnyima anayehukumiwa neno lake la mwisho. Fasihi, kwa upande wake, daima imekuwa ukumbi wa neno hilo.