Dhambi Tatu na Ushuhuda wa Damu



Mtu akishikwa na adui, akaambiwa, «Vunja amri ya Mungu, ama utakufa,» afanye nini? Swali hilo liliwasumbua sana Wayahudi wa kale.

Yapata mwaka 167 kabla ya Kristu, mfalme Antioko Epifane aliwakataza kushika Sheria ya Musa. Mzee Eleazari, mwenye miaka 90, akalazimishwa kula nyama ya nguruwe. Rafiki zake wakamshauri alete nyama iliyo halali, ajifanye tu kumtii mfalme. Akakataa, asije akawapoteza vijana. Akapigwa hata akafa. Wengine walikimbilia nyikani. Waliposhambuliwa siku ya Sabato hawakujilinda, wakafa watu wapata 1000. Ndipo Matatia na wenzake wakaamua kwamba ni halali kujitetea hata siku ya Sabato.

Basi, ni wakati gani yafaa kufa? Katika karne ya 2 baada ya Kristu, chini ya utawala wa Warumi, marabi walikutana Lida, mji ule ambamo Mtume Petro alimponya Enea. Uamuzi wao umeandikwa katika Talmudi. Mungu alitoa amri zake ili watu waishi kwazo. Kwa hiyo, ili kuokoa uhai, amri yaweza kuachwa. Lakini dhambi tatu afadhali mtu afe kuliko kuzitenda: kuabudu miungu ya uongo, kuzini na mke wa mtu au na ndugu wa damu, na kuua. Tena walifundisha kwamba mtawala akikusudia kuifuta dini yenyewe, hata amri ndogo isivunjwe. Hivyo Rabi Akiba, aliyeendelea kufundisha Sheria hadharani, aliuawa na Warumi karibu na mwaka 135.

Juu ya kuua, Talmudi yasimulia habari ya mtu aliyeamriwa na mkubwa wa mji wake amwue mwenzake, ama auawe yeye. Akaenda kwa mwalimu wake. Mwalimu akamwambia akubali kufa, kwa maana hakuna ajuaye kwamba damu yake ina thamani kupita damu ya mwenziwe.

Mwaona, basi: walimu hao hawakupenda kifo. Waliutukuza uhai, na kwa sababu hiyo hiyo walikataza kuununua kwa uhai wa mwingine.

Swali: Kwa nini Eleazari alikataa hata kujifanya tu?