Nyayo za Laetoli Machoni pa Wageni

Katika makumbusho ya Olduvai, Tanzania, wageni wengi huyapita mafuvu upesi, hata wafikapo penye mfano wa nyayo za Laetoli husimama. Mwaka 1978 watu wa Mary Leakey walizifukua katika majivu ya mlima wa moto, yaliyogeuka mwamba yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Fuvu lahitaji mfasiri. Unyayo kila mwenye mguu ausoma. Hapo huuliza: Je, ni wa mtu? Wataalamu hujibu kwamba ni wa viumbe waliokwenda kwa miguu miwili kabla ya watu kama sisi. Wako wanaotoka na mashaka juu ya Adamu. Nasi twaona swali lao ni la haki, anayewaongoza asilicheke. Tena awaambie wazi kwamba huo ni mfano tu, maana nyayo zenyewe zilifukiwa tena zisiharibike.